Soketi za mashine ya kuchomelea yenye injini: kutumia umeme wake bila kuua mtu wala kuunguza vifaa

Mkoani Kigoma, kule Kibirizi, Ujiji, Katonga, na kwenye vijiji vya Uvinza na Kasulu ambako nguzo hazijafika, mashine ya kuchomelea yenye injini inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inachomelea, na palepale usoni pake kuna soketi zinazolisha grainda, drili, taa na pampu. Fundi aliyezoea huiona soketi ile kama ya ukutani. Ya ukutani ina transfoma nyuma yake, ina ethi, ina mita, ina breka zilizofungwa na fundi umeme. Ya kwenye mashine ina injini tu. Injini ikishaunguruma, shirika la umeme la siku hiyo ni wewe, na kitu ambacho wewe hukukikagua hakuna mwingine aliyekikagua.

Mwongozo huu unafuata mtiririko wa kazi, kuanzia kusoma kibati hadi kuzima. Sehemu ya ethi ni ndefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayoua watu, na ndiyo ambayo mafundi wengi wameielewa nusu.

## Kibati kwanza, hasa kwa mashine ya mtumba

Tafuta kibati au stika ya mashine na usome vitu vinne: volti za soketi, hezi (Hz), ampea au wati za soketi, na mizunguko ya injini kwa dakika. Hapa nchini vifaa vyetu ni vya volti 230, hezi 50. Injini ya kutoa hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika ikiwa jenereta ni ya poli mbili, au mara 1,500 ikiwa ya poli nne.

Mashine za mtumba kutoka Japani ndizo zinazosumbua. Nyingi zina soketi za volti 100, zenye matundu mawili bapa. Grainda ya volti 230 ikichomekwa pale kwa kuunganishaunganisha huzunguka kivivu na haikati, na mtu hukimbilia kubadilisha brashi zisizo na kosa. Baadhi ya mashine hizo zina pia volti 200 ya fezi tatu, na mafundi hupenda kuchukua nyaya mbili kati ya zile tatu. Vifaa vingi vitazunguka, lakini elewa kwamba hapo hakuna nyutro (waya wa kurudishia umeme usio wa moto): nyaya zote mbili ni za moto. Swichi ya kawaida inakata waya mmoja tu, kwa hiyo taa itazima huku holda ya taa ikiwa bado na umeme. Kwa umeme wa namna hiyo funga swichi na breka zinazokata nyaya mbili kwa pamoja, au usiutumie.

Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutoa volti 120 na 240, hezi 60, injini ikizunguka mara 3,600. Grainda na drili zenye brashi hazijali hezi. Pampu ya maji, kompresa na feni zinajali: zitazunguka kwa asilimia 20 zaidi ya zilivyoundwa, pampu itabeba mzigo kuliko uwezo wa mota yake, na itachemka. Usijaribu kurekebisha kwa kulegeza skrubu ya gavana (kifaa kinachoshikilia kasi ya injini) ili injini ishuke hadi 3,000. Volti nazo zitashuka, na mashine yenye kidhibiti volti italazimisha koili yake ibebe ampea nyingi kuliko ilivyokusudiwa, hadi iungue.

Jambo la mwisho kuhusu kibati ni mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yako kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo hata pale ufukweni Kibirizi umeshapoteza karibu asilimia 9. Ukipanda nayo Kasulu, ambako ni zaidi ya mita 1,200, umepoteza 14. Mashine iliyoandikwa wati 5,000 ihesabu kuwa ya 4,500 mjini Kigoma na 4,300 kule juu.

## Kuchomelea na soketi vinakula sahani moja

Injini ni moja. Kila wati inayokwenda kwenye rodi imetoka mahali palepale inapotoka wati ya soketi. Maandishi ya "4,000 W" kwenye soketi kwa kawaida yana maana ya 4,000 wakati huchomelei.

Hesabu ya haraka ya nguvu ya arki (ule moto wa umeme unaoyeyusha rodi) kwa rodi za kawaida ni hii: zidisha ampea kwa 0.04, jumlisha 20, unapata volti. Kisha zidisha volti hizo kwa ampea. Unachomelea rodi ya geji 10 (milimita 3.2) kwa ampea 120:

120 × 0.04 = 4.8; jumlisha 20 = volti 24.8
24.8 × 120 = wati 2,976

Kama mashine ina wati 4,000 za kugawana, zimebaki kama 1,000. Hapo grainda ndogo ya inchi nne na nusu (wati 850 hivi) inakubalika, au taa kadhaa za LED. Grainda ya inchi tisa, ambayo hula wati 2,200 hivi, haikubaliki. Mwenzako akiiwasha ukiwa katikati ya mshono, arki inafifia, rodi inanata, na grainda inazunguka chini ya kasi yake huku ikichemka. Ukiinua rodi tu, mzigo wa arki unaondoka ghafla na volti za soketi zinaruka juu kabla gavana haijatulia. Taa na chaja hufa kwenye mruko ule. Kama kitabu cha mashine kina jedwali la "ampea za kuchomelea dhidi ya wati zilizobaki", lifuate hilo na uache hesabu hii.

Halafu kuna kuanza kwa mota. Grainda na drili za brashi si wakorofi sana. Kompresa na pampu ni habari nyingine: mota zake huvuta mara tatu hadi sita ya ampea za kawaida kwa sekunde ile ya kuanza. Kompresa ya hosipawa 2 inayokula wati 2,000 ikishazunguka inaweza kudai zaidi ya 6,000 kuanza. Kwenye mashine ya wati 4,000 itanguruma bila kuzunguka. Ukiiachia inanguruma kwa zaidi ya sekunde mbili au tatu unaichoma. Kompresa ianze ikiwa imemwagwa hewa yote, bila kitu kingine chochote kwenye soketi, na bila mtu kuchomelea. Ikishindwa mara mbili, basi mashine haiiwezi.

Kwa mzigo wa muda mrefu, usizidi asilimia 80 ya soketi. Soketi ya ampea 16 ni wati 3,680. Iendeshe kwa 2,900 na breka haitakusumbua jua la saa nane.

## Ethi mbili zenye jina moja

Mafundi wengi wa kuchomelea huita "ethi" ile klampu inayobana chuma cha kazi. Fundi umeme akisema "ethi" ana maana ya waya wa tatu wa kinga, wa kijani na njano. Ni vitu viwili visivyohusiana, na kuchanganya majina kumefanya watu waamini kwamba wakishabana klampu kwenye geti, grainda yao "ina ethi". Haina. Klampu ni njia ya kurudishia umeme wa kuchomelea. Hailindi mtu aliyeshika grainda. Katika mwongozo huu klampu tutaiita klampu, na ethi itakuwa ule waya wa kinga peke yake.

Ethi inafanyaje kazi kwenye mashine hii? Chukulia drili ya bodi ya chuma ambayo waya wake wa moto umechubuka ndani na kugusa bodi. Umeme unataka kurudi ulikotoka, yaani kwenye koili ya jenereta. Hautafuti udongo. Kama waya wa ethi umetoka kwenye bodi ya drili, ukapita kwenye ekstensheni mpaka kwenye bodi ya mashine, na ndani ya mashine nyutro imefungwa kwenye bodi, mzunguko umekamilika kwa shaba tupu: ampea mamia kadhaa zinapita, breka inaruka papo hapo. Kama waya huo umekatika popote, au mtu ameng'oa pini ya juu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, bodi ya drili inabaki na volti 230 ikisubiri mkono.

Nondo iliyopigiliwa ardhini haichukui nafasi ya waya huo. Nondo ya mita 1.2 kwenye udongo wa kawaida inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50, na kwenye mchanga mkavu zaidi ya 100. Gawanya 230 kwa 50: ampea 4.6. Breka ya ampea 16 haitajua kwamba kuna tatizo, na wewe utakuwa umekufa. Nondo ina kazi yake pale kitabu cha mashine kinapoidai na pale mashine inapolisha jengo kupitia chenjiova, yaani swichi ya kuhamisha jengo kati ya gridi na jenereta. Ukiipiga, tumia fimbo ya ethi iliyopakwa shaba, ipige mahali penye unyevu, iunganishe kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 6 kwenye ile nati ya mashine yenye alama ya mistari mitatu inayofupika. Mashine iliyofungwa kwenye pikapu, bodi yake iungwe kwa bolti kwenye chesesi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Sasa pima mashine yako. Hili lifanyike mara moja kwa uangalifu na jibu liandikwe kwa rangi ubavuni mwa mashine:

1. Zima injini. Chomoa kila kitu. Acha breka za soketi zikiwa juu.
2. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha 200.
3. Gusa tundu la ethi la soketi na nati ya ethi ya mashine. Isome chini ya omu 1. Ikisoma wazi (OL au 1 upande wa kushoto), waya wa ethi umekatika ndani ya paneli. Mashine isitumike soketi mpaka itengenezwe.
4. Gusa tundu la ethi na kila tundu kati ya yale mengine mawili.

Yakisoma omu chache au pungufu, nyutro imefungwa kwenye bodi. Usishangae kuona matundu yote mawili yakisoma, kwa kuwa koili yenyewe ni waya mnene na kipimo kinapita humo. Yakisoma wazi yote mawili, nyutro inaelea: haijaungwa na bodi popote. Usijaribu kugundua hili kwa kupima volti injini ikiwaka, kwa maana jenereta inayoelea hutoa volti za uongo, mia na kitu kila upande, na utadhani umeelewa.

## Breka ya mvujo, na kitufe chake kinachodanganya

Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Inayomlinda mtu ni breka ya mvujo, ile yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST na maandishi 30mA. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi; tofauti ikifika miliampea 30, inakata ndani ya milisekunde 300. Kama haipo kwenye paneli, tumia ya kuchomeka, na ikae kwenye mashine, mwanzo wa ekstensheni. Ukiiweka mwisho, ekstensheni yenyewe, ambayo ndiyo inayokanyagwa na kupitiwa na toroli, inabaki bila ulinzi.

Hapa ndipo matokeo ya kipimo chako yanapohitajika. Kwenye mashine yenye nyutro iliyofungwa kwenye bodi, breka hii inafanya kazi sawasawa. Kwenye mashine inayoelea, umeme unaovuja kupitia mtu hauna njia ya kurudi kwenye koili, kwa hiyo hakuna tofauti ya kuonwa, na breka haikati. Lakini ukibonyeza kitufe cha TEST, inaruka vizuri kabisa! Sababu ni kwamba kitufe hupitisha umeme kidogo kutoka waya mmoja kwenda mwingine ndani ya breka yenyewe, bila kuhusisha ethi. Kitufe kinathibitisha kwamba kifaa ni kizima. Hakithibitishi kwamba mashine yako imeungwa namna ya kukiwezesha kukulinda.

Je, mashine inayoelea ni hatari? Kwa kifaa kimoja kizima, hapana. Mtu akigusa waya mmoja, mzunguko haujakamilika. Hatari inaanza kwenye hitilafu ya pili. Grainda ya kwanza inavuja waya wa moto kwenye bodi na hakuna anayejua, kazi inaendelea. Wiki inayofuata drili inavuja waya mwingine. Mafundi wawili wanashika chuma kimoja, kila mmoja na kifaa chake, na sasa kati yao kuna volti 230. Kwa hiyo kwenye mashine inayoelea, tumia kifaa kimoja tu kwa wakati, na kiwe cha insuleti mbili, chenye alama ya mraba ndani ya mraba. Ukitaka vifaa viwili au zaidi, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aangalie kitabu cha mashine, na kama mtengenezaji anaruhusu, afunge nyutro kwenye bodi na kuweka breka ya mvujo kwa pamoja. Moja bila nyingine ni kazi nusu.

## Umeme wa kuchomelea unapopita kwenye ekstensheni

Kosa hili linaunguza nyaya nyingi na hakuna anayejua sababu. Klampu imebanwa juu ya rangi au kutu, haishiki vizuri. Drili ya bodi ya chuma imelazwa juu ya kazi. Ukigusa rodi, ampea 120 zinatafuta njia ya kurudi, na kama mashine imekaa juu ya chuma kilekile cha kazi, au upande mmoja wa kuchomelea umeungwa na bodi, njia rahisi ni hii: kutoka kwenye kazi, kuingia bodi ya drili, kupita waya wa ethi wa ekstensheni, mpaka mashine. Waya wa milimita za mraba 2.5 hauwezi ampea 120. Ganda la ndani linayeyuka, nje huoni kitu, na kuanzia siku hiyo ekstensheni haina ethi, au mbaya zaidi, waya wa ethi umegusana na wa moto.

Dawa yake ni ya dakika moja. Kwangua chuma mpaka king'ae, bana klampu karibu na mshono, na vifaa vya umeme vitundikwe au viwekwe juu ya ubao, kamwe si juu ya kazi. Ukihisi grainda iliyolala inatoa cheche pale inapogusa chuma wakati unachomelea, simamisha kila kitu.

## Ekstensheni

Nunua kebo ya mpira yenye nyaya tatu ndani. Zile nyeupe za plastiki za nyumbani hupasuka kwa jua na hukatwa na cheche. Unene unategemea urefu. Kwa grainda kubwa inayovuta ampea 10, kebo ya mita 50 ya milimita za mraba 2.5 inapoteza kama volti 9, ya 1.5 inapoteza 14 na nusu, ya 1.0 inapoteza 22. Ukianza na 230 huku injini imeshalemewa na kushuka hadi 215, na kebo nyembamba ikala 22, grainda inapata 193, chini ya 207 ambayo ndiyo asilimia 10 pungufu. Mota inavuta kwa shida, inachemka, na harufu ya vanishi inakuja.

Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Chukua unyuzi mmoja, ukwangue kwa wembe polepole. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona mweupe chini ya wekundu, rudisha; uzito nao utakuambia, kwa sababu rola ya alumini ni nyepesi mkononi kuliko inavyoonekana.

Ekstensheni ya gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kubeba mzigo mkubwa. Ikiwa imezungushwa, joto halina pa kutokea, na tabaka za katikati huyeyuka na kushikana kama ubani. Kila Jumatatu pima pini ya ethi ya plagi hadi tundu la ethi la mwisho: chini ya omu 1, huku mtu akiipindapinda kebo karibu na plagi, maana ndipo hukatikia.

## Pa kuiweka

Nje, penye uwazi, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, na eksozi ielekee kule upepo unakokwenda. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kuuma na miguu kulegea ndizo dalili, na mara nyingi huja ukiwa umeshachelewa kufikiri vizuri. Kando ya ziwa kuna jambo la kuangalia: mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Mashine uliyoiweka vizuri saa nane mchana inaweza kuwa inapuliza moshi ndani ya banda saa mbili usiku. Kazi ikivuka jioni, nenda ukaangalie moshi unaelekea wapi.

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Mashine ifunikwe kwa kipaa kilichoinuliwa, pande zote wazi. Usiivike turubai ikiwa inawaka. Ufukweni, ipandishe juu ya mbao au paleti la mbao, na maungio ya ekstensheni yatundikwe, yasilale kwenye mchanga wenye maji. Kwa anayechaji betri za taa za dagaa kwenye soketi hizi: betri ya asidi inayochajiwa hutoa haidrojeni. Iweke mbali na cheche za grainda na rodi, na uzime chaja kabla ya kuchomoa klipu zake.

## Kuwasha, kwa mpangilio

1. Kagua oili, mafuta, na kama kuna kebo iliyochubuka. Breka zote za soketi chini.
2. Washa injini bila mzigo wowote. Iache ipate joto dakika 3 hadi 5.
3. Swichi ya mwendo wa injini iweke kwenye kasi ya juu. Kwenye mashine zenye mwendo wa kujishusha, injini hushuka mizunguko kusipokuwa na mzigo, na mzigo mdogo chini ya wati 100 hivi hauiamshi. Taa moja au chaja ya simu itapokea umeme wa volti na hezi pungufu bila injini kupanda.
4. Kwenye baadhi ya mashine, hasa za zamani, kitasa cha ampea za kuchomelea kinaathiri volti za soketi, na lazima kiwe mwisho wa juu ndipo soketi zitoe volti kamili. Kitabu kitasema. Kama kitabu hakipo, pima volti kitasa kikiwa chini kisha juu, utaona.
5. Pandisha breka, pima soketi. Bila mzigo, 230 hadi 245 ni sawa, na hezi 50 hadi 53. Ikizidi 250, usichomeke kitu.
6. Bonyeza kitufe cha TEST cha breka ya mvujo. Ikikataa kuruka, itupe.
7. Chomeka vifaa vikiwa vimezimwa. Washa mota kubwa kwanza, ngoja itulie, kisha ndogo, taa mwisho.
8. Mzigo wote ukiwa juu, pima tena. Chini ya volti 207 au hezi 48, injini imelemewa; punguza.

Laptopu na televisheni zisichomekwe kabisa wakati mtu anachomelea. Simu ichajiwe wakati wa mapumziko. Ukiwa unatumia tigi (mashine ya kuchomelea ya TIG) yenye kuwasha arki kwa masafa ya juu, hata chaja ndogo iondoe.

## Usirudishe umeme kwenye nyumba

Kebo yenye plagi dume pande zote mbili, inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili "kuwasha nyumba", isiwepo mahali popote. Umeme wako unatoka nje kupitia mita, unaingia kwenye transfoma ya mtaa kwa nyuma, na transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa 400 inazipandisha sasa. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, anayejua laini imezimwa, anakutana nazo. Na gridi ikirudi ghafla ikikuta jenereta yako imeunganishwa, koili na wakati mwingine shafti havisalimiki.

Nyumba au duka vilishwe kwa chenjiova iliyofungwa na fundi mwenye leseni, inayokata waya wa moto na nyutro pia, hasa kama umeshaikuta nyutro ya mashine imefungwa kwenye bodi. Isipokatwa, nyutro zinakutana mahali pawili na breka ya mvujo itaruka kila mara bila sababu inayoonekana.

## Breka ikiruka

Chomoa vyote, pandisha breka, chomeka kimoja kimoja. Breka ya kawaida ikiruka baada ya dakika kadhaa, ni mzigo mwingi. Ikiruka papo hapo, ni shoti kwenye kifaa au kebo. Breka ya mvujo ikiruka kwa kifaa kimoja kila mara, kifaa hicho kina unyevu au vumbi la chuma ndani. Grainda zinazokata chuma kutwa hujaa vumbi hilo kwenye brashi. Lipulize kwa hewa, kausha kifaa juani, ujaribu tena mara moja. Kubadilisha breka ya 16 kwa ya 32 ili "isisumbue" ni kuhamisha moto kutoka kwenye breka kwenda kwenye koili.

Mtu akinaswa, zima injini kwanza. Usimguse kabla injini haijanyamaza. Kama hapumui, anza kumbana kifua kwa nguvu, katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari.

## Mafuta na kuzima

Usiiache injini izime yenyewe kwa kuishiwa mafuta ikiwa na mzigo. Volti na hezi zinaporomoka pamoja, mota za vifaa zinachemka, na baadhi ya jenereta hupoteza usumaku uliobaki kwenye rota, kesho yake injini inawaka lakini soketi hazitoi kitu. Kujaza petroli: zima, ngoja dakika 10 eksozi ipoe, dumu likae chini ardhini mbali na cheche, na mimina kwa faneli ukiacha nafasi juu ya tanki.

Kuzima: zima vifaa kimoja kimoja, shusha breka, chomoa, acha injini ikizunguka bila mzigo dakika 3 hadi 5 ili koili ipulizwe na feni yake, ndipo uzime na ufunge koki ya mafuta. Kunja ekstensheni ukipitisha kebo yote mkononi. Sehemu iliyochubuka utaihisi kwa vidole kabla hujaiona kwa macho. Ikate pale pale uiunge kwa plagi mpya, usiizungushe nailoni tepu.